Ujiji, miaka ya wakimbizi: tulivyotoa rangi kwenye maji kwa udongo wa chungu na dawa ya nywele

Wakuu, heshima kwenu nyote. Na nyie vijana wa Gungu mnaosoma nyuzi mkiwa mmepakiwa kwenye bodaboda, shukeni kwanza, simu itaanguka.

Hiki ninachosimulia nimekiona, nimekishika, na mikono yangu ikabadilika rangi. Sina sababu ya kudanganya. Mimi ni mstaafu, sigombei chochote. Mashahidi wako Ujiji, na wengine nawajua wamo humu humu kwa majina ya bandia, wataniumbua nikiongeza chumvi.

Niseme mapema pia kwamba mimi ni mwanamke. Wale wa "mkuu kaka yangu" mjirekebishe, na wale wa kukimbilia PM mtulie, nina wajukuu.

Twende.

Kwetu ni Tukuyu. Serikali ilinipangia Kigoma kufundisha kemia nikiwa bado binti, miaka ile ya wakimbizi. Waliokuwepo wanaijua. Boti zinaingia kutoka ng'ambo zimejaa watu na magodoro, malori ya mahindi na mahema hayaishi barabarani, na kila ukigeuka mtu anaulizia ndugu yake. Mume wangu alibaki Mbeya kazini kwake. Mimi nikapanga chumba Ujiji kwa mama mmoja anaitwa Bi Sihaba. Nilikuwa na mimba ya kwanza.

Bi Sihaba alikuwa mjane wa makamo, mzaliwa wa Ujiji, ulimi wembe na mkono mkunjufu. Uani kwake palikuwa na kazi ya batiki. Mapipa, nta, kamba za kuanikia, moto wa kuni unafuka asubuhi mpaka jioni. Alifanya na wanawake kadhaa, lakini mkono wenyewe hasa, ule ambao wateja waliufuata, ulikuwa wa Kondesia.

Kondesia alikuwa mkimbizi wa Burundi. Alivuka na watoto wake. Mume hakuvuka.

Alikuwa kambini kwanza. Bi Sihaba ndiye aliyemwona siku moja sokoni akiuza kitambaa alichokitia rangi mwenyewe, akamfuata, halafu akaenda kumwombea kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti akakubali akae mtaani kwa sharti: awe na kazi inayoonekana, na awe na mwenyeji wa kumjibia. Kazi ikifa, yeye na watoto wanarudi kambini.

Sharti hilo tulilijua wote pale nyumbani. Yeye alilijua kuliko sisi, maana kila asubuhi alikuwa wa kwanza kuwasha moto hata siku ambayo hapakuwa na kitambaa cha kutia rangi.

Sasa wakuu, tatizo.

Maji ya rangi yakishatumika yanamwagwa. Bi Sihaba alikuwa anamwaga kwenye mfereji uliopita nyuma ya nyumba, na mfereji ule unateremka mpaka ufukweni. Zamani kazi ilikuwa ndogo, hakuna aliyeona. Alipokuja Kondesia kazi ikakua, na maji yakakua.

Na ufukweni pale mfereji unapoishia ndipo kina mama walikuwa wanaanika dagaa.

Kwa msiojua, dagaa wa Kigoma wanaanikwa mchangani, juani, wanang'aa kama sindano. Huo mng'ao ndio mali yenyewe. Mchuuzi wa kupeleka bara kwa treni anakuja, anachota konzi, anaangalia rangi, ananusa, basi. Asubuhi moja kina mama wakakuta dagaa wao wamegeuka wekundu matumboni. Mfereji ulikuwa umefurika kwa mvua ukapita katikati ya mchanga. Wachuuzi wakageuza migongo.

Kiongozi wa waanikaji alikuwa Mama Riziki. Mwanamke wa Kiha, mrefu, sauti yake ukiisikia Kasingirima ujue anaongea yuko Ujiji. Alipandisha kutoka ufukweni na beseni la dagaa wekundu kichwani, akalitua mlangoni kwa Bi Sihaba bila hodi.

"Kuleni," akasema. "Mmewapika wenyewe, wamebaki kuliwa tu."

Hapo sikuwa na la kumlaumu. Angekuwa mama yangu angefanya zaidi.

Mtauliza kwa nini hatukuchimba shimo. Tulichimba. Ardhi ile iko karibu na ziwa, ukichimba kidogo tu maji yanakusalimia. Shimo likajaa, na muda si mrefu kisima cha jirani kikaanza kutoa maji ya zambarau. Tukalifukia mbio.

Mwenyekiti akaitisha kikao. Alikuwa mzee mstaarabu, hakupenda kelele. Lakini kikao kina watu, na watu wana midomo. Kijana mmoja wa makamo akasimama akasema hawa wakimbizi wameleta uchafu, warudishwe walikopangiwa, na uchafu utaondoka nao.

Nikamtazama Kondesia. Alikuwa ameinamisha kichwa anafuta vidole kwa kanga, na vidole vyake havifutiki, vilishakuwa na rangi ya kudumu.

Damu ikanichemka. Mimba, jua, na tabia yangu mwenyewe vikakutana. Nikasimama nikasema, maji yale mimi nitayasafisha kwa udongo.

Watu wakacheka. Mama Riziki hakucheka. Akauliza, "Udongo upi, mwalimu? Huo unaokula?"

Hapo wakacheka zaidi. Ni kweli nilikuwa nakula udongo, mimba ilinipeleka huko, na nilidhani nakula kwa siri.

Mwenyekiti akatoa hukumu yake, na ilikuwa hukumu ya mtu anayejua ziwa. Mwezi ulikuwa unakaribia kujaa. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikitoka wavuvi wanapumzika, na kukiwa hakuna dagaa hakuna cha kuanika. Akasema, fanyeni mnachojua wakati wa mbalamwezi. Giza likirudi na mitumbwi ikawasha karabai, maji yale yawe masafi. Kama si masafi, kazi inafungwa.

Hakusema habari ya Kondesia. Hakuwa na haja.

Nieleze kidogo kwa nini nilijiamini.

Chuoni tulishafanya jaribio la udongo wa mfinyanzi na rangi. Chembe za udongo zina tabia ya kuvuta vitu kwenye uso wake, kama vile sumaku, ila kwa chaji. Nilikuwa na hakika. Nikapata udongo mweupe kwa wafinyanzi wa njia ya kupanda Kalinzi, nikauponda, nikauchekecha, nikaupeleka maabara ya shule. Dukani nikanunua rangi ya unga nyekundu ya wasuka mikeka, maana ndiyo niliyoiona mbele yangu. Nikaikoroga kwenye maji, nikatia udongo, nikatikisa, nikasubiri.

Maji yakawa meupe kabisa. Udongo umekaa chini mwekundu, juu maji ya kunywa. (Msinywe.)

Wakuu, nilitembea kutoka shule mpaka nyumbani nikijiona sina mfano Kigoma nzima. Nikamwambia Bi Sihaba aite watu.

Wakaja. Mwenyekiti, Mama Riziki na wenzake, yule kijana wa makamo, na wale wanaokuja popote penye watu. Nikajaza pipa maji ya rangi ya kazi ya siku ile, nikamwaga udongo wangu, nikakoroga kwa mwiko wa kupikia pilau ya shughuli.

Mama Riziki akatoa kanzu nyeupe ya mumewe kwenye kikapu.

"Mimi kemia siijui," akasema. "Mimi najua kufua. Nikichovya mkono wa kanzu hii ukatoka mweupe, nimekubali."

Nikamwambia chovya. Nilikuwa na uhakika huo.

Udongo ulikuwa umeshatulia chini, mweupe vilevile kama ulivyoingia. Maji juu yake mekundu kama yalivyokuwa. Nililiona hilo sekunde ambayo mkono wa kanzu ulikuwa tayari umeshazama.

Ukatoka mwekundu.

Sitawaelezea kicheko kile. Mwenyekiti peke yake ndiye hakucheka, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, nenda ukapumzike, una mzigo tumboni." Ule upole uliniuma kuliko kicheko.

Niliingia chumbani nikalia kwa hasira. Nikatoka kunawa uso, nikamkuta Kondesia anafunga vyungu vyake kwa kamba. Hakuwa analia. Alikuwa anafunga vizuri, kama mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Mwarimu, mimi najua kuhama," akasema. "Ukichelewa kufunga, vinavunjika."

Nikamwambia fungua hivyo vyungu. Akasema ego, yaani ndiyo, kwa Kirundi. Lakini hakufungua.

Naendelea. Naona kuna mkuu huko chini ameshaanza kudai picha. Mkuu, miaka ile kamera ilikuwa kwa mpiga picha wa stendi, na ungemwita aje kupiga picha ya pipa la maji machafu angekuitia ndugu zako. Vumilia.

Bi Sihaba hakuwa mtu wa kukaa na msiba wa mtu mwingine sebuleni kwake. Akanitazama, akasema, "Nenda katengeneze hicho kichwa. Umekaa kama mwanga anayetoka kuwanga. Kesho wanafunzi watakukimbia."

Nikaenda. Mtaa wa pili kulikuwa na dada wa Kikongo ana saluni ya nywele, kachumba ka mabati, kioo kimoja, viti viwili. Akaniosha, akanipaka ile dawa ya kulainisha nywele, tuliyokuwa tunaiita kondishena, nzito, inanukia matunda ambayo sijawahi kuyaona. Kisha akaanza kuisuuza.

Mimi nimekaa nawaza pipa. Nikajipitishia mkono kichwani. Bado inateleza. Akamwaga maji tena. Bado.

Nikamuuliza, mbona haitoki?

"Yaya, hii haitokake haraka na mayi," akasema; yaya kwao ni dada. "Inashika nywele. Ikitoka yote, nani atanilipa?"

Wakuu, nilishika mkono wake na mtungi ukiwa hewani.

Inashika nywele. Kwa nini inashika nywele? Kwa sababu nywele zikilowa zina chaji hasi, na ile dawa ina chaji chanya. Nikamwomba chupa. Nyuma kwenye maandishi madogo kuna jina refu linaloishia na "chloride". Nililisoma darasani miaka kadhaa nyuma, nikafaulu mtihani, nikalisahau.

Nisikilizeni sasa, hapa ndipo pana utamu.

Udongo una chaji hasi. Ile rangi ya wasuka mikeka ina chaji chanya, ndiyo maana maabara vilishikana mara moja, mke na mume. Lakini rangi ya kutia vitambaa vya pamba, ile ya kina Bi Sihaba, ina chaji hasi kama udongo. Hasi na hasi. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Nilikuwa nimewaweka kwenye pipa moja mbele ya mtaa mzima nikawaambia watu waangalie ndoa.

Kosa langu ni kwamba dukani vyote vinaitwa rangi, vinauzwa kwa kijiko kile kile, na mimi niliyesomea nikachukua kilichokuwa mbele. Mtu wa Ujiji yeyote angeniambia rangi ya mkeka haitii kanga. Sikumuuliza hata mmoja.

Dawa ya nywele ilikuwa mshenga. Mkono mmoja unamshika udongo, mwingine unamshika rangi. Ukimpaka udongo mshenga kwanza, ule uso wake wa kukataa unageuka kuwa wa kupokea.

Nilitoka saluni nywele nusu zimesuuzwa. Yule dada alinifuata mpaka barabarani akidhani nimechanganyikiwa. Nilipomweleza akanipa chupa iliyobaki nusu, akasema nikifanikiwa nimwambie, kwa sababu na yeye mumewe ni mvuvi wa dagaa.

Nyumbani nikakoroga dawa kwenye maji ya moto, nikatia udongo, nikaacha ulale humo, nikausuuza, nikauanika juani kwenye ungo mpaka ukakauka, nikauponda tena. Nikatia kijiko kwenye chupa ya maji mekundu ya uani. Nikatikisa.

Kwanza yakawa kama uji. Halafu yakaanza kukatika, vipande vipande vyekundu vinashuka kama maziwa yaliyoganda. Juu pakabaki peupe.

Nikampelekea Kondesia. Akaichukua ile chupa, akaiinua kwenye jua, akaitazama upande huu na upande huu. Kisha akaenda kufungua kamba ya chungu kimoja. Kimoja tu, wakuu. Vingine akaviacha vimefungwa. Nilimheshimu kwa hilo.

Kutoka kwenye chupa kwenda kwenye pipa ndipo kazi ilipokuwa. Dawa zaidi tukanunua kwa yule dada wa saluni, na uani kote tukaanza kutengeneza udongo. Kondesia anaponda, wengine wanachekecha, mimi nachanganya na kuonja. Ndiyo, kuonja, wa kawaida tu, kabla haujapakwa dawa. Kondesia alikuwa ananipiga kibao cha mkono, ananiambia mtoto atazaliwa tofali. Kidogo kidogo tukageuza uani kuwa kiwanda, na wanawake wa watu wakaanza kuimba.

Mwezi nao ukaanza kumeguka. Kila jioni mtu anatoka nje anaangalia juu, anarudi ndani.

Tukafanya jaribio la pipa zima kabla ya kuita watu, maana mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Udongo ule ule, dawa ile ile.

Maji yakabaki mekundu.

Nilikaa chini pale pale kwenye matope. Nilihesabu kila hatua kichwani, hakuna nilipokosea. Kondesia akaangalia upande wa vyungu vyake.

Bi Sihaba akaja, kajishika kiuno, akasema haelewi, maana pipa lenyewe aliliandaa yeye, kalisugua kwa sabuni ya unga mpaka linang'aa, na kwenye maji akaacha povu kidogo liendelee kusafisha. Kwake yeye kazi ya kutakasa maji haiwezi kuanza na chombo kisichotakaswa. Alizaliwa hivyo. Hata kuni anazifuta.

Wakuu, nilicheka mpaka mtoto tumboni akashtuka.

Sabuni ina chaji hasi. Sabuni ilimkamata mshenga njiani, ikamlevya, hakufika harusini. Nikamkumbatia Bi Sihaba, nikamwambia, mama, kwa mara ya kwanza maishani mwako naomba uache pipa lichafuke. Akaniangalia kama nimemtukana.

Tukalisuuza kwa maji matupu mpaka povu likaisha. Tukatia maji mengine ya rangi, udongo mwingine. Bi Sihaba alikataa kuangalia. Alikaa jikoni na tasbihi yake, anasubiri kuitwa.

Tulimwita.

Siku ya watu ilikuwa siku ambayo ufukweni wavuvi walikuwa wanasafisha karabai zao na kushona nyavu, usiku ule wanatoka. Hapakuwa na siku nyingine ya kuomba.

Walikuja wengi kuliko mara ya kwanza, kwa sababu walifurahia mara ya kwanza. Yule kijana wa makamo alikuja na rafiki zake. Mama Riziki alikuja na kanzu ile ile, mkono mmoja mwekundu. Nikasikia kwamba mumewe hakuongea naye tangu siku ile.

"Umebaki huu," akasema, akiinua mkono wa pili. "Huu nao ukiharibika, mwalimu, utakuja kunioa wewe."

Safari hii sikutamba. Nilimwachia Kondesia akoroge, kwa sababu kazi ilikuwa yake. Alikoroga taratibu, akaacha. Watu wakaanza kupiga soga. Tukachuja kwa kitambaa na mchanga, maji yakawa yanadondokea kwenye beseni jeupe la kauri la Bi Sihaba, lile la wageni.

Mama Riziki akasogea. Akanusa. Akaingiza kidole, akakitazama. Halafu akazamisha mkono wa kanzu, na hakuuchovya tu, aliusugua, akaukamua, akauzamisha tena, anafua kweli kweli kama yuko ziwani. Anaitafuta rangi huku anataka aikose, na mimi namwombea aikose.

Akaukung'uta.

Ulikuwa mweupe.

Mama Riziki aliuweka mkono ule juu ya ule mwekundu, akaupeleka kwenye jua, akaugeuza ndani nje. Kisha akamgeukia yule kijana wa makamo.

"Wewe ndiye ulisema uchafu umeletwa na nani?"

Kijana akasema alikuwa anauliza tu.

"Basi umejibiwa. Kabebe maji kule kisimani, hawa wanawake wamechoka."

Na akaenda kubeba. Haki ya Mungu, nilimwona na ndoo.

Mwenyekiti akasimama akasema maneno machache. Alisema mtaa umeona, kazi inaendelea, na mfereji utapitisha maji yaliyochujwa tu, na yeye mwenyewe atakuwa anapita kuangalia. Halafu akamtazama Kondesia akasema, "Na wewe mama, fungua mizigo yako."

Kumbe alikuwa anajua. Mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba vyungu vimefungwa.

Kondesia akainama akapiga magoti nusu, kama wanavyofanya kwao, akasema urakoze, yaani asante, mzee. Kisha akaingia nyuma ya nyumba. Nikamfuata nikamkuta amekaa chini anafungua kamba moja moja, na sasa ndipo alipokuwa analia. Nikakaa naye. Nikalia na mimi, sikuona aibu, nilikuwa na furaha iliyonizidi kimo. Mimi Mnyakyusa wa watu, nimekuja Kigoma kwa barua ya uhamisho, nimekaa kwenye vumbi la udongo na mwanamke wa Burundi, na tumeshinda.

Usiku ule mitumbwi ilitoka. Kesho yake dagaa walianikwa wakakauka wakang'aa.

Mambo mawili matatu kwa wanaotaka kujaribu, maana najua mtauliza.

Maji yale yalitoka rangi, hayakugeuka ya kunywa, asije mtu akasema mama fulani humu alisema tunywe. Udongo uliotumika msiutupe ziwani, mtakuwa mmehamisha tatizo kwa miguu. Sisi tulichanganya na udongo wa tofali tukakandika ukuta wa banda. Nilizamisha kipande majini nikakiacha nione kama rangi itatoka, haikutoka. Na wajawazito mkae mbali na udongo uliopakwa dawa. Bi Sihaba aliniwekea ulinzi.

Na sabuni, wakuu. Isiguse kabisa. Bi Sihaba mpaka anafariki alikuwa anaamini kwamba ile ilikuwa njama yangu ya kumfanya mchafu.

Mtoto alizaliwa salama, si tofali. Kazi ya uani iliendelea miaka. Kina Mama Riziki wakawa wanaleta dagaa uani na kuondoka na vitambaa, na ile kanzu ya mkono mmoja mwekundu Kondesia akaitia rangi nzima, mzee wa Mama Riziki akaivaa akasema hajawahi kuwa na nzuri kama ile.

Ikaja miaka ya amani kwao, magari yakaanza kuwarudisha watu nyumbani. Hakuna aliyemwambia Kondesia kitu. Mwenyekiti hakumwambia, mtaa haukumwambia. Alikaa msimu mzima akifikiri, watoto wameshakuwa wakubwa, wanaongea Kiswahili cha Ujiji kuliko mimi. Halafu siku moja akaja kutuaga, akasema anataka kuona shamba lake.

Somo langu, kama mnalitaka: ukiona kitu kimekataa kushikana na kingine, usikimbilie kukitupa. Tafuta mshenga. Na kabla hujajigamba mbele za watu, uliza mwenye kazi yake anatumia rangi gani.

Haya, uwanja ni wenu. Walimu wa kemia nikosoeni, watu wa Ujiji nisahihisheni majina ya mitaa, na kama kuna mtu wa Burundi humu mwenye mama au shangazi aliyetia rangi batiki Ujiji miaka ile, aandike hapo chini, nitamsoma wa kwanza.

Kondesia mtaa mzima tulimsindikiza mpaka kwenye gari. Mama Riziki ndiye aliyembebea vyungu. Safari hii havikufungwa kwa haraka, vilifungwa kwa majani makavu na vitambaa, na aliondoka siku aliyoichagua mwenyewe.